Tunabishana juu ya artemisia bila kuipima

Ukipita soko la Kadutu asubuhi, kati ya mafungu ya sombe na meza za sambaza, hutakosa kukutana na mama anayeuza mifuko midogo ya majani makavu. Ukimuuliza ni nini, atakujibu bila kusita: "Ni artemisia, baba. Unachemsha maji, unamwagia, unakunywa siku saba. Malaria inakwenda." Sogea hadi farmasi ya karibu, uulize swali lile lile. Muuguzi atakunja uso: "Hiyo si dawa. Dawa ni hii ya kwenye pakiti." Ukipanda teksi kushuka Nguba, utasikia abiria wanne wakigawanyika wawili kwa wawili, na dereva ndiye anayekata kesi.

Tangu mwaka 2020, Madagaska ilipoitangazia dunia kinywaji chake cha artemisia kuwa dawa ya Covid, mabishano hayo hayajatulia. Kuna wanaosema wazungu wanatuficha dawa ya bure inayoota uani. Kuna wanaosema ni ujinga wa watu wasiosoma. Mimi nafundisha kemia katika mji huu, na kila nikiwasikiliza najiuliza swali ambalo hakuna upande unaoliuliza: ndani ya kikombe hicho jani limefanya nini na maji, na kile kilichotoka kitafanya nini kikifika kwenye damu?

Maoni yangu ni mafupi. Swali hilo lina njia ya kulijibu, na njia hiyo inapita kwenye mashine zinazoitwa spektroskopia ya resonansi ya sumaku. Si mashine za miujiza, wala si za matajiri peke yao. Mji kama Bukavu, wenye vyuo vikuu, kiwanda cha kwinini na kituo cha utafiti cha Lwiro mlangoni, unapaswa kuwa nazo na kuzitumia. Bila hivyo tutaendelea kurithishana imani badala ya maarifa, na wanaolipa ni wagonjwa wetu.

Maji ya moto na chupa ya etha

Tuanze na historia, kwa sababu wengi wanaosifu artemisia na wengi wanaoiponda hawaijui.

Mwaka 1969, wakati wa vita vya Vietnam, mwanasayansi wa China aitwaye Tu Youyou alipewa kazi ya kutafuta dawa mpya ya malaria katika miti shamba ya kwao. Artemisia ilikuwa kwenye orodha. Ilijaribiwa, na matokeo yake yalikuwa ya kuyumba: leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Alirudi kwenye kitabu cha tabibu wa kale, Ge Hong, aliyeishi karne ya 4. Humo aliona kwamba jani liliwekwa ndani ya maji na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Akafikiri kwamba huenda moto ndio unaoharibu dawa. Mwaka 1971 akaacha maji ya moto, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu. Dawa ikatoka, na safari hii ikafanya kazi kila mara. Mwaka 1972 kikundi chake kikapata chembe safi za artemisinini. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Jani halikubadilika. Kilichobadilika ni kiyeyushi, yaani kimiminika kinachopokea kitu kingine ndani yake: maji yakipokea chumvi, petroli ikipokea grisi, kanyanga ikipokea mizizi ya mganga. Artemisinini haipendi maji sana. Maji ya moto hutoa sehemu yake tu, na sehemu hiyo hupanda na kushuka kulingana na mmea ulikotoka, ulivyokaushwa, joto la maji, na muda ambao jani limekaa ndani. Vikombe viwili vya mama wawili wa Kadutu vinaweza kufanana rangi na uchungu, lakini kiasi cha dawa kisifanane hata kidogo.

Watu wa Bukavu hatupaswi kushangaa. Mji wetu umeishi miaka mingi kwa ufundi wa viyeyushi. Gome la mkinakina kutoka mashamba ya Kivu ya Kusini limekuwa likiingia Pharmakina na kutoka likiwa kwinini. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa hivi: gome linasagwa, linachanganywa na chokaa, kwinini inahamia kwenye kiyeyushi cha jamii ya mafuta, kisha inavutwa upya kwenye maji yenye asidi. Ni safari ya kutoka kimiminika kimoja kwenda kingine, na kila hatua ina kanuni zake. Sisi ambao katika Kiswahili chetu kila kidonge tunakiita kinini, hata kama ni cha kichwa au cha minyoo, tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa kwamba jani au gome si dawa mpaka ujue kiyeyushi kimetoa nini.

Dawa inavyoua kimelea

Sasa tuingie ndani ya damu. Artemisinini ina sehemu moja ya ajabu katika umbo lake: atomu mbili za oksijeni zilizoshikana kama daraja. Kimelea cha malaria kinakula hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu yetu, na katika kula huko kinaachilia chuma. Chuma hicho kikikutana na artemisinini kinavunja daraja la oksijeni. Hapo ndipo zinapozaliwa radikali.

Radikali ni nini? Elektroni ndani ya molekuli kwa kawaida hukaa mbili mbili. Radikali ni molekuli iliyobaki na elektroni moja isiyo na mwenzake. Haitulii. Itamnyang'anya yeyote aliye karibu, hata kama ni kwa kumvunja. Ndani ya kimelea, walio karibu ni protini zake mwenyewe na mafuta ya ngozi yake, na hivyo kimelea kinakufa kwa kitu kilichozaliwa ndani ya tumbo lake. Haya si hadithi. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walitumia mashine ninayoizungumzia hapa na kuonyesha radikali zinazotokea artemisinini inapovunjwa na chuma.

Kwa nini jambo hili litusumbue leo? Kwa sababu mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba nchini Rwanda, ng'ambo tu ya Ruzizi, vimepatikana vimelea vyenye badiliko kwenye jeni inayoitwa kelch13, badiliko linalopunguza nguvu ya artemisinini. Mwaka 2021 Uganda nayo ikatoa ushahidi wake. Mwaka huo huo wa 2020, kazi nyingine ilieleza mbinu ya vimelea hivyo: katika saa zake za kwanza ndani ya chembe ya damu, kimelea chenye badiliko hilo kinakula hemoglobini kidogo. Hemoglobini kidogo ni chuma kidogo. Chuma kidogo ni madaraja machache yanayovunjika, na radikali chache. Kimelea kimejifunza kufunga mdomo mpaka dawa ipite.

Mbu hawaulizwi laissez-passer pale Ruzizi. Nchi yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria. Mtu anayekunywa chai yenye dawa kidogo, leo kidogo, kesho kidogo zaidi, anakipa kimelea nafasi ya kuzoea. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizolifanya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, likatae kuunga mkono matumizi ya majani ya artemisia kwa kinga au tiba ya malaria. Unaweza kuuchukia uamuzi huo. Lakini ili uupinge unahitaji vipimo, na vipimo hivyo havipatikani kwa kupaza sauti ndani ya teksi.

Kuzungusha kitufe cha redio

Mashine yenyewe inafanya kazi namna gani? Nitaeleza ninavyowaeleza wanafunzi wangu.

Wazee wanakumbuka redio za kitufe. Unatafuta Radio Maendeleo, unazungusha polepole, unasikia upepo tu, halafu ghafla sauti inatoka safi. Redio yako imelingana na mawimbi ya kituo. Mlingano huo ndio resonansi. Elektroni isiyo na mwenzake ni kama kasumaku kadogo. Ukiiweka katikati ya sumaku kubwa, inaweza kuelekea upande wa sumaku hiyo au kinyume chake. Ukiirushia mawimbi ya mikrowevu, ndugu wa yale ya oveni, na huku unabadilisha nguvu ya sumaku kidogo kidogo, utafika mahali ambapo elektroni inameza mawimbi na kugeuka. Mashine inaandika mstari kwenye karatasi. Hapo umesikia radikali ikisema: niko hapa.

Katika mashine za kawaida mawimbi hayo hupiga mara bilioni 9.5 kwa sekunde, na sumaku ina nguvu ya tesla 0.34 hivi, ambayo ni maelfu ya mara kuliko sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Elektroni zenye wenza hazisikiki kabisa, kwa sababu vijisumaku vyao vinafutana. Mashine inasikiliza radikali na madini fulani kama shaba na chuma, basi.

Ina dada yake mkubwa, ambaye haisikilizi elektroni bali viini vya atomu. Huyo ndiye mzazi wa IRM ya hospitalini. Kijisumaku cha elektroni ni kikubwa zaidi ya mara 650 kuliko cha kiini cha hidrojeni, ndiyo maana mashine ya elektroni inasikia hata mnong'ono wa radikali chache. Lakini dada mkubwa ndiye anayeweza kuhesabu artemisinini yenyewe ndani ya kikombe cha mama wa Kadutu, kabla haijavunjika. Mmoja anahesabu dawa, mwingine anaishuhudia ikifanya kazi.

Mtego, na jina la mwizi

Hapa kuna ugumu, na kwa maoni yangu ndipo penye somo kubwa zaidi. Radikali nyingi haziishi. Ile ya hidroksili, kali kuliko karibu zote, haimalizi hata sehemu ya milioni ya sekunde. Huwezi kuibeba mpaka kwenye mashine. Basi wanakemia walibuni mtego: molekuli inayowekwa kwenye kimiminika mapema, inayoikamata radikali na kugeuka radikali nyingine tulivu, inayoweza kudumu dakika kadhaa au zaidi. Mashine inasoma mistari ya mtego uliojaa. Idadi ya mistari na nafasi kati yake hutaja nani amekamatwa, kama vile nyayo zinavyomtaja mnyama.

Lakini nyayo za mbuzi kwenye tope si sawa na nyayo zake kwenye mchanga. Na hapa kiyeyushi kinarudi. Chukua radikali tulivu za jamii ya nitroksidi, ambazo zinatumika sana katika kazi hii. Elektroni yao inagawanywa kati ya nitrojeni na oksijeni, na mashine inaonyesha mistari mitatu. Ukiiweka nitroksidi moja maarufu kwenye heksani, kiyeyushi cha jamii ya mafuta, nafasi kati ya mistari ni karibu militesla 1.5. Ukiiweka kwenye maji, nafasi inapanuka hadi karibu militesla 1.7. Ni molekuli ile ile. Maji yameishika oksijeni yake kwa mkono wa hidrojeni, na elektroni ikasukumwa kidogo upande wa nitrojeni. Ukiiweka kwenye kitu kizito kama asali, molekuli inashindwa kuzunguka haraka, na mistari inapoteza usawa: mmoja mrefu, mwingine mfupi na mnene.

Faida yake ni mbili. Kwanza, radikali inageuka kuwa mjumbe. Unaitia ndani ya kimiminika usichokijua, na inakuletea habari: hapa ni kama maji, hapa ni kama mafuta, hapa ni pazito. Pili, mtafiti asiyejua tabia ya kiyeyushi chake atamtaja mwizi asiye mwizi. Atasoma mistari iliyopimwa kwenye mafuta kwa kutumia orodha iliyotengenezwa kwenye maji, na kutangaza radikali ambayo haikuwepo. Ndiyo maana kusoma mahusiano ya radikali na viyeyushi si mchezo wa maprofesa wasio na kazi. Bila hayo, ushahidi wote unaofuata unayumba.

Mfano ulio karibu na meza zetu ni bia. Bia huharibika ladha ikikaa, na radikali zina mkono katika jambo hilo. Mwaka 1996 watafiti wa kiwanda cha Sapporo, Japani, walitumia mtego na mashine hii kukadiria bia itadumu muda gani kabla ya kuzeeka. Oksijeni iliyobaki ndani, ikisaidiwa na chembe za chuma na shaba, huzaa radikali ya hidroksili. Lakini radikali hiyo inajikuta imezungukwa na alkoholi, basi inaivamia alkoholi kwanza, na kinachoingia mtegoni ni radikali ya alkoholi. Kimiminika kilichoibeba ndicho kilichoamua mwisho wake. Anayefungua Primus jioni huenda hajui kwamba ndani ya chupa ile kuna somo zima la kemia.

Sasa irudishe akili kwenye kimelea. Ndani yake kuna maji yenye asidi na kuna matone ya mafuta, na chuma kinatembea katikati. Radikali ya artemisinini inazaliwa upande gani? Inamkuta nani wa kwanza? Na vitu vingine vinavyotoka kwenye jani zima, ambavyo havimo kwenye kidonge, vinaisaidia au vinaizima kabla haijaua? Watetezi wa chai wanasema vinaisaidia. Wapinzani wanasema hakuna ushahidi wa kutosha. Hilo ni swali la maabara, na linaweza kuulizwa hapa kwetu, kwa majani ya hapa kwetu.

"Kuna vita, wewe unaongelea sumaku?"

Najua jibu nitakalopewa. Tangu M23 ilipoingia mjini Februari 2025, tumeona banki zikifungwa na ndege za Kavumu zikikoma. Kuna wazazi wasioweza kulipa karo, kuna walimu wasiojua mshahara utapitia wapi. Katika hali hiyo, nani atanunua mashine ya kusikiliza elektroni?

Namjibu hivi. Aliyeisikia elektroni hiyo kwa mara ya kwanza ni Yevgeny Zavoisky, katika mji wa Kazan, nchini Urusi. Alifanya hivyo mwaka 1944, katikati ya vita vikuu vya dunia, wakati nchi yake ikizika watu kwa mamilioni. Alitumia vifaa vya kuungaunga na chumvi za madini, na kati ya chumvi hizo zilikuwemo za shaba, madini ambayo Kongo inayajua kuliko nchi nyingi. Hakusubiri amani ndipo afikiri. Tu Youyou naye alifanya kazi yake katika miaka ya Mapinduzi ya Kitamaduni, wakati wasomi wa China walipokuwa wakidharauliwa na kufukuzwa. Sisemi vita ni jambo jepesi. Nasema kwamba nchi ikisubiri utulivu ndipo isome, inaweza kusubiri mpaka watoto wake wazeeke.

Wengine watasema elimu hii ni ya juu mno kwetu. Hao wamesahau historia ya nchi yao. Kituo cha Lwiro, kilometa zipatazo 45 kutoka hapa, ni mtoto wa taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947, na wataalamu wake walikuwa wakisoma matetemeko, wanyama, mimea na lishe kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mtambo wa kwanza wa nyuklia wa utafiti barani Afrika uliwashwa mwaka 1959 kwetu, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa. Elimu ya juu haikuwa ngeni hapa. Tumeiacha ikawa ngeni.

Wengine watasema tutume sampuli Ulaya au Nairobi. Jani kavu unaweza kulituma, ni kweli. Lakini radikali haisafirishwi. Haina muda wa kupanda ndege. Ni lazima izaliwe na isikilizwe mahali pamoja, na mtu aliye pale ndiye anayeona. Anayetuma majani tu anapokea majibu ya maswali aliyoulizwa na mwingine.

Na kuna jambo la uchungu zaidi. Sumaku kubwa za resonansi, zile za kusikiliza viini, zimefungwa kwa waya wa niobiamu uliopozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Niobiamu ni ile sehemu ya kwanza ya jina koltani: kolambaiti na tantalaiti. Sehemu kubwa ya niobiamu ya dunia hutoka Brazili, sitaki kumdanganya mtu. Hata hivyo, kijana anayechimba koltani kule Numbi, Kalehe, anabeba kwenye gunia lake ndugu wa madini yanayotengeneza sumaku hiyo, na huenda atakufa bila kuona picha ya mashine yenyewe. Tunatoa mawe, tunanunua majibu.

Tuanzie wapi

Siombi Bukavu ijengewe jumba la mabilioni. Mashine kubwa za niobiamu zinataka heliamu ya maji na mafundi wa kudumu, na zinaweza kusubiri. Lakini mashine za kusikiliza elektroni zipo pia za mezani, ndogo, zisizohitaji heliamu, zinazochomekwa kwenye umeme wa kawaida. Umeme wetu unakwenda na kurudi, kila mtu anajua, lakini betri na paneli za jua zinazowasha kliniki zetu zinaweza kuwasha na kifaa hiki. Zipo na mashine ndogo za viini zinazotumia sumaku ya kudumu. Moja ya kila aina, kwa mji mzima, ingetosha kuanzia.

Ombi langu la kwanza ni kwa wakuu wa vyuo: Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu, Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, Taasisi ya Juu ya Ualimu, na Lwiro. Acheni kila mmoja kutafuta maabara yake. Mashine moja ya pamoja, yenye ratiba ya wazi, ina thamani kuliko maabara tano zenye kufuli. Wakija wafadhili na swali la "mnahitaji nini?", wakutane na jibu moja lililoandikwa, si majibu matano yanayoshindana.

La pili ni kwa walimu wenzangu. Mwanafunzi wa bio-kemia anamaliza mtihani wa serikali akiwa amechora radikali ubaoni mara mia bila kuiona hata moja ikifanya kazi. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu yote ya kufundisha, sijaweka sampuli hata moja ndani ya mashine niliyoieleza hapa. Naijua kwa vitabu. Lakini kiyeyushi hakihitaji mashine. Mafuta ya mawese, maji na kanyanga vinatosha kumwonyesha mtoto kwamba jani lile lile linatoa rangi tatu tofauti. Akielewa hilo akiwa na miaka 16, siku mashine itakapofika atajua aiulize nini.

La tatu ni kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho. Acheni kunakili mada za miaka kumi iliyopita. Chukueni artemisia ya Kabare, ya Walungu na ya Kalehe. Zikausheni kwa namna moja, zitieni kwenye maji ya joto tofauti, andikeni kila kitu. Hata kama kipimo cha mwisho kitafanyika mbali, swali litakuwa lenu.

Na kwako msomaji, nisieleweke vibaya. Mtoto wako akipata homa usiku wa leo, usisubiri mashine wala makala yangu. Mpeleke kituo cha afya apimwe, na akikutwa na malaria ammalize dozi yote ya dawa mseto aliyoandikiwa. Chai ya artemisia si mbadala wa dozi hiyo, na hakuna mtu Bukavu leo anayeweza kukuambia kikombe chako kina dawa kiasi gani.

Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi. Mama wa Kadutu si mwongo, anauza anachoamini. Muuguzi wa farmasi si adui wa miti shamba, anasema alichofundishwa. Wote wawili wanastahili kuambiwa na watu wa mji wao, kwa Kiswahili chao, na kwa tarakimu, jani hili linatoa nini kwenye maji haya. Siku tutakapoweza kuwaambia, abiria wa teksi ya Nguba watatafuta kitu kingine cha kubishania.